Kitenzi Kimoja cha Kinyakyusa: Namna ya Kukishika Ukihamia Kyela

Kila anayehamishiwa Kyela, awe mwalimu wa Ipinda, muuguzi wa Matema au mnunuzi wa kakao, hupewa ushauri uleule na waliomtangulia: jifunze maneno machache ya Kinyakyusa, watu watakupenda. Ushauri si mbaya, ila haufiki mbali. Maneno machache yatakununulia ndizi sokoni. Hayatakusaidia kujua kama mgonjwa aliye mbele yako anaumwa tangu jana au ameanza leo, wala kama mkulima wa mpunga amekwisha kuuza gunia lake au bado hajaliuza. Mambo hayo yamefichwa ndani ya kitenzi, na kitenzi cha Kinyakyusa hakijifunzwi kwa kukusanya orodha ya maneno mia moja. Kinajifunzwa kwa kushika kitenzi kimoja tu na kukigeuza pande zote mpaka ukizoee, kisha ndipo ulete vingine.

Kitenzi ninachopendekeza ni ukugona, yaani kulala. Utakutana nacho asubuhi ya kwanza, maana ndicho kilichomo katika salamu: Ugonile? Mzizi wake, -gon-, hauna vikwazo. Irabu yake ni o ya kawaida, na hilo si jambo dogo, kwa sababu Kinyakyusa kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Kina i mbili na u mbili, moja kali na moja iliyolegea, na wenyeji wengi wanapoandika ujumbe wa simu hawazitofautishi. Nami hapa naandika kama wao. Ile u ya viambishi kama tu-, mu- na ku- ndiyo iliyolegea: ipeleke karibu na o bila kuifikisha. Herufi b nayo, isipotanguliwa na m, hutamkwa kwa midomo isiyobanana sawasawa, hivyo bagonile ukiitamka kwa b ya “baba” utaeleweka lakini utajulikana kuwa mgeni. Kuna nafuu moja kubwa: Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni. Mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho kama ulivyozoea kwenye Kiswahili. Kinachotofautisha maneno ni urefu wa irabu, na tutauona muda si mrefu.

Anza kwa kukata neno vipande. U-gon-ile: mwanzoni nafsi, katikati mzizi, mwishoni hali ya tendo. Mwenye Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa mpangilio ni wa nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba mahali pa -me- ya Kiswahili inayokaa katikati, Kinyakyusa kinaweka -ile mwishoni. Hata hiyo si ngeni kabisa. Lahaja za Kiswahili za kaskazini na tungo za kale za Lamu zina umbo hilohilo la -ile, ila Kiswahili sanifu kiliiacha njiani.

Zipitie nafsi zote sita kwa sauti: ngonile, ugonile, agonile, tugonile, mugonile, bagonile. Nimelala, umelala, amelala, tumelala, mmelala, wamelala. Usiziandike kwanza. Ziseme mpaka ziteleze, ndipo uandike.

Nafsi ya kwanza ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haina silabi yake. Ni n tu iliyobandikwa kwenye mzizi, na kinachofuata hubadilika kwa ajili yake. Bomba (fanya kazi) inakuwa mbombile, nimefanya kazi. Fika inakuwa mfikile, nimefika. T na l zikikutana na n hiyo hutoka nd, na k hutoka ng. Huna haja ya kukariri kanuni hizi kana kwamba ni mpya: mdomo wako umekuwa ukizifanya tangu utotoni katika ulimi na ndimi, ubao na mbao, -refu na ndefu. Jipya ni t kugeuka d na k kugeuka g, na hili la pili litakutokea mara nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu kiambishi cha wakati uliopo ni -ku-.

Wakati huo uliopo ni huu: ngugona, ukugona, ikugona, tukugona, mukugona, bikugona. Ngu- ya mwanzo ni n na ku vilivyoungana. Wengi wenu mmeisikia kabla hata ya kufika Tukuyu, kwenye neno ngukugana, nakupenda. Ndani yake ngu- ni “mimi, sasa”, ku- ya pili ni “wewe”, na gana ni penda. Neno limejengwa kama ninakupenda, kipande kwa kipande. Geuza mpenzi na mpendwa: ikungana, ananipenda.

Sasa tazama nafsi ya tatu. Katika -ile tulisema agonile na bagonile. Katika wakati uliopo, a- imegeuka i- na ba- imegeuka bi-: ikugona, bikugona. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili hujifichua. Anasema “akugona” kwa kufuata “analala”, na kosa hili humganda miaka kwa sababu wenyeji, kwa adabu, hawamsahihishi. Njia ya kulizuia ni kujifunza i- na bi- pamoja na mtu na watu halisi, si kwenye jedwali: umwana ikugona, mtoto analala; abana bikugona, watoto wanalala. Rudia hayo mawili kila unapoona mtoto anasinzia. Kyela ina joto, na mchana utawaona wengi.

Lakini subiri. Mtoto aliyekwisha kufumba macho, anayekoroma mkekani, huyo hasemwi ikugona. Huyo agonile. Ikugona ni anaelekea kulala, au ndiyo desturi yake, au atalala baadaye. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo: ukimwona mtu usingizini unasema “amelala”, si “analala”. Kwako hili ni rahisi kiasi kwamba unaweza usilione, ila ukitaka kumfundisha mgeni kutoka Ulaya utaona jasho lake. Waserbia, Wakroatia na Wabosnia, kwa mfano, husema spava kwa mtu aliye usingizini, na hiyo ni njeo ya sasa: spavam, spavaš, spava, spavamo, spavate, spavaju. Kwa kile kitendo cha kupata usingizi wanacho kitenzi kingine pacha, zaspati. Wao wamegawa kazi kati ya vitenzi viwili. Kinyakyusa na Kiswahili tumegawa kazi hiyo kati ya maumbo mawili ya kitenzi kimoja. Vitenzi vya mkao na hali hufuata mkondo wa agonile. Atuugeele, kutokana na ukutuugala, ni “amekaa”, yaani yuko pale ameketi. Afwile ni amekufa.

Turudi kwenye salamu, maana ndiyo inayokupa au kukunyima mlango. Ugonile ni kwa rika lako, mdogo wako, mtoto. Mzee, mkwe, mchungaji, mwalimu mkuu, mama anayekuuzia samaki na amekuzidi umri: hao wote ni mugonile, hata akiwa mmoja. Wingi ni heshima. Mwanamume mtu mzima muongezee tata: Mugonile, tata. Atakujibu Ndaga, nawe ukisalimiwa jibu hivyohivyo. Ndaga ni asante pia, na ukitaka kushukuru kwa nguvu ongeza fijo, sana: ndaga fijo. Desturi hii ya kumheshimu mtu mmoja kwa wingi inapatikana mbali kuliko Rungwe na Kyela. Mfaransa anayo, na Mserbia akimuuliza mkubwa wake alilalaje anasema Kako ste spavali?, kwa umbo la wingi, wakati mwenzake anamuuliza kwa umoja, na hapo analazimika hata kutofautisha mwanamume (spavao) na mwanamke (spavala). Kinyakyusa hakikusumbui na jinsia. Kinakudai tu ujue umri wa aliye mbele yako, na ukiwa na shaka, mu- haijawahi kumkasirisha mtu.

Lakini usiishie kwenye salamu yenyewe. Wageni wengi hulishika neno ugonile kama jiwe moja lisilopasuka, kisha wanashangaa kwa nini hawasongi mbele. Ukisalimiwa mugonile pamoja na familia yako, jaribu kujibu kwa kitenzi: ee, tugonile. Ukiulizwa habari za mtoto, sema agonile. Kwa namna hiyo salamu ya kila siku inakuwa zoezi la kila siku, bure.

Hatua inayofuata ni kuirudisha hali ile nyuma. Kwa tendo lililokatika na leo, la jana au la zamani, Kinyakyusa huweka a kati ya nafsi na mzizi na kubakiza -ile. Tugonile, tumelala; twagonile, tulilala. Ngonile, nimelala, nagonile, nililala. Mfikile, nimefika, nafikile mmajolo, nilifika jana. Tw- na n- zinakusaidia kusikia ile a. Tatizo ni nafsi ya tatu, ambako a inakutana na a nyingine: agonile ni amelala, aagonile ni alilala, bagonile ni wamelala, baagonile ni walilala. Tofauti yote iko kwenye urefu wa irabu. Sikio la Kiswahili limezoea kuipuuza. Dawa yake ni kumwomba mtu akutamkie maneno yote mawili mfululizo, agonile, aagonile, nawe uyarudie huku ukigonga kidole mezani: pigo moja kwa fupi, mawili kwa ndefu. Kwa muuguzi au polisi, hii ndiyo sehemu ya kuipa muda zaidi kuliko zote, maana maelezo ya tukio hutegemea hapo.

Ya desturi iliyopita hayana haja ya maelezo marefu. Twagonaga, tulikuwa tukilala. Hiyo -aga unaijua tayari: ndiyo binamu wa -ga ya mitaani, “nalalaga”, “anakujaga”, ambayo walimu wa Kiswahili huikata kwa kalamu nyekundu. Huku ni sarufi halali.

Wakati ujao nao usikuumize kichwa mwanzoni. Umbo maalumu lipo, limetokana na kitenzi cha kuja, lakini wakati uliopo pamoja na neno kilabo, kesho, utakuvusha kwa muda mrefu: ngubuuka kilabo, naondoka kesho.

Ukanushi ndio wenye mtego mkubwa. Wakati uliopo hukanushwa kwa -ti-: ndikugona, silali, tutikugona, hatulali, atikugona, halali, batikugona, hawalali. Angalia kuwa ukikanusha, ile i- ya nafsi ya tatu inarudi kuwa a-. Hadi hapo salama. Hali ya -ile sasa hukanushwa kwa -ka-, na -ile inaondoka: ngagona, sijalala, tukagona, hatujalala, akagona, hajalala, bakagona, hawajalala.

Soma tena hizo mbili za mwisho ukiwa na masikio ya Kiswahili. Akagona. Mswahili anasikia “akalala”: alikuja, akala, akalala. Mnyakyusa amesema kinyume chake, kwamba hajalala. Tukabomba si “tukafanya kazi”. Ni “hatujafanya kazi”. Mnunuzi anayeuliza kama mzigo umeletwa na kusikia kitenzi chenye -ka- anaweza kutoa hela kwa furaha kwa mzigo ambao haupo. Sijui mtego mwingine kati ya lugha hizi mbili unaofanana na huu kwa ubaya, na ubaya wake uko kwenye ulaini wake: neno linaeleweka papo hapo, ila linaeleweka upande usio wake. Jizoeze kwa jozi, kila siku jozi nyingine: agonile, akagona, mfikile, ngafika, babombile, bakabomba. Amelala, hajalala. Nimefika, sijafika. Wamefanya kazi, hawajafanya. Mtu akikuambia jambo lenye -ka- na fedha zinahusika, muulize tena kwa Kiswahili bila aibu.

Basi masimulizi yanafanywaje, ikiwa -ka- imeshachukuliwa? Kwa -linku-. Ukikaa na wazee jioni wakisimulia habari za Kalulu, yaani Sungura, utasikia alinkugona, balinkubuuka, alinkujoba: akalala, wakaenda, akasema. Kama kazi yako haihusu hadithi, itambue tu ukiisikia. Hulazimiki kuitumia mwezi wa kwanza.

Maagizo na maombi yanaishia kwa -e, kama ilivyo kwetu. Tugone, tulale. Tubuuke, twende. Mugone kanunu, mlale salama, ndiyo ya kuagia usiku, na kwa mzee utaitumia hivyohivyo hata kama yuko peke yake.

Ukishalishika gona kwa namna hii, vitenzi vingi vya mzizi mfupi vitakuja vyenyewe: bomba, joba (sema), fika, buuka (enda), gana. Bomba utaisikia pia ndani ya imbombo, kazi. Na imbombo ngafu, kazi ngumu, ni maneno ambayo hata asiyekijua Kinyakyusa huyaokota akikaa kidogo mkoa wa Mbeya. Vichache vitakukatalia. Ukumanya, kujua, haisemi “manyile” bali meenye: tumeenye, tunajua; bameenye, wanajua. Tuugala tumekwisha kuona inatoka tuugeele. Katika vitenzi vya aina hiyo -ile imejipenyeza ndani ya mzizi na kuivuta irabu. Usitafute kanuni mapema mno. Andika kila kitenzi kipya daftarini kwa maumbo mawili, la ku- na la -ile, kama vile ambavyo ungeandika jina pamoja na wingi wake. Ukiwa na maumbo hayo mawili, mengine yote unayajenga mwenyewe.

Vitabu vipo, japo havipatikani dukani Kyela. Kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili, iliyochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 1996, ndiyo ya kubeba. Kwa anayesoma Kiingereza na hachoki na sarufi, Bastian Persohn aliandika mwaka 2017 kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa peke yake, na kinasomwa bure kwenye mtandao. Kabla yao, Wajerumani waliofuatana na misheni walikwisha kuandika: sarufi ya Schumann, aliyekiita Kikonde, ni ya 1899. Lakini mwalimu aliye karibu zaidi ni ibada ya Jumapili, iwe kwa Wamoravian au KKKT. Nyimbo na Biblia zipo kwa Kinyakyusa, zinasomwa polepole, na Maandiko unayajua tayari kwa Kiswahili, kwa hiyo unaweza kusikiliza vitenzi bila kupotea maana. Hata asiye Mkristo anaweza kuketi nje akasikiliza.

Chagua pia mahali pa kufanyia mazoezi. Soko la Kyela mjini ni zuri kwa sababu watu wanarudia maneno yaleyale siku nzima. Kasumulu, mpakani, utakutana na Wangonde kutoka Karonga, na maneno mengi mtaelewana, ingawa utasikia tofauti. Zichukue kama zilivyo, usianze kumsahihisha mtu lugha yake. Matema ni tofauti. Jumamosi kwenye gulio la Lyulilo utaona vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ikombe vikiwa vimepangwa ufukweni, na wafinyanzi wanazungumza Kikisi kati yao. Wengi watakujibu kwa Kinyakyusa au Kiswahili, ila usidhani kila neno unalolisikia pale ni la kuingiza daftarini.

Jambo jingine la kujua kabla hujamsumbua bibi wa watu kwa maswali. Kwa mila, mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa humheshimu baba mkwe wake kwa kuepuka si jina lake tu, bali hata maneno yanayofanana na jina hilo, na badala yake hutumia mengine. Desturi hii huitwa ingamwana. Siku hizi si wote wanaoishika, lakini ukikuta mama mzee anatumia neno usilolipata kwenye kamusi, mahali ambapo majirani zake wote wanatumia jingine, usimbishie na usimlazimishe alitamke lile unalolitaka. Muulize mjukuu wake, pembeni.

Baada ya gona, chukua buuka. Kipitishe njia ileile: ngubuuka, ikubuuka, bikubuuka, abuukile, aabuukile, akabuuka, tubuuke. Kisha toka nacho kwenye barabara ya Ipinda asubuhi, wakati watu wanaelekea mashambani, na kwa yeyote aliyekuzidi umri uliza: Mukubuuka kugu?, mnakwenda wapi? Jibu litakuwa na ngu- mwanzoni. Linalofuata baada ya hapo ni jina la mahali, na hilo utaliandika jioni.